Taa Isiyoaga

Kila jioni kabla ya kusukuma boti majini, Mzee Kasiani aliweka mgongo wa kiganja kwenye ubavu wa betri, kama mama anayepima homa ya mtoto, akasema, "Haya, umeshindaje?" Enzi za betri za tindikali jambo hilo lilikuwa na maana: ikiwa ya moto, maji yamepungua. Walipomletea ya lithiamu, isiyotiwa maji wala kufunguliwa, aliendelea kuisalimia vilevile. Wenzake pale ufukweni Kunduchi walimcheka. "Mzee, hiyo haina homa, ina chaji!"

Alitoka Masasi akiwa kijana, akavua dagaa kwa taa miaka thelathini. Dagaa hufuata mwanga, na wavuvi walikuwa na saa yao humohumo. Betri ya zamani ikikaribia kuisha, taa hugeuka njano, kisha nyekundu kama kaa. Hapo wanakunja wavu. Hakuna aliyefundishwa hilo darasani, na hakuna aliyelipuuza.

Mradi ulioleta lithiamu ulisifu wepesi wake, ukaondoa injini ya petroli, ukafunga mota ya umeme kwenye betri ileile. Mafunzo nusu siku, soda na fulana. Hawakumuuliza mtu yeyote anajuaje wakati wa kurudi.

Mwezi wa pili wa betri hiyo, akiwa baharini, taa ya Kasiani ikiwa nyeupe pe, ilizimika. Mota nayo kimya. Mkondo ukamchukua. Alipiga kasia mpaka kukacha, na bega lake la kulia halikupona tena.

Mradi ulichukua betri kuikagua, kisha mtaalamu wao, kijana aitwaye Praygod, akaitisha kikao. Nilikwenda kwa kuwa Kasiani, jirani yangu, aliniomba nimsomee karatasi.

"Shikamoo mzee. Lakini betri umeimaliza kama mtoto na simu."

"Marahaba. Na mie ningejuaje? Ya zamani ilikuwa inaniaga. Hii yako inakata ghafla kama umeme wa Luku."

"Si asilimia zinaonekana kwenye simu?"

Kasiani akatoa simu yake ya kitochi, iliyofungwa mpira, akaiinua. "Hebu nionyeshe, baba. Zimekaa upande gani?"

Watu wakaangua kicheko. Praygod hakucheka. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza: chanzo cha tatizo ni uzembe wa mtumiaji. Kasiani akitia dole gumba, anarudishiwa betri. Akikataa, anapewa mvuvi mwingine. Nilimtafsiria neno kwa neno.

"Uzembe," alirudia taratibu. "Andika hapo chini: taa haikufifia."

Praygod akasema fomu haina nafasi ya maelezo.

Haina nafasi! Kurasa tatu, nembo mbili za rangi, na mstari mmoja wa mtu aliyenusurika haukupata pa kukaa. Mpaka leo hasira ile haijanitoka.

Kasiani hakutia dole. Betri akapewa Anwar, mvuvi wa boti ya jirani, bila neno la onyo. Boti ya Kasiani, isiyo na injini wala mtu wa kuipiga kasia, ilikaa mchangani mpaka mbao zikaachana.

Masika yaliyofuata aliugua. Nilipokwenda kumjulia hali, alinishika mkono kwa ule wa kushoto.

"Mwambie Anwar asingoje taa imuage," alisema. "Na wakimletea ile karatasi, asitie dole."