Jembe Moja, Fagio Moja, Ndoa Moja

Mwaka ule nilikuwa karani wa shule ya sekondari ya wasichana, pale mjini, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kumaliza mafunzo ya kupiga chapa, na ofisi yangu ilikuwa chumba chenye dirisha moja refu lililotazama mwarobaini wa uani. Desemba, wanafunzi wakishakwenda likizo, shule yote ilisinzia. Kelele za Kariakoo zilitufikia zimelegezwa na joto: gurudumu la mkokoteni likilalamika, mtu akinadi kitu ambacho sikuweza kutambua ni nini, kisha kimya, kisha majani ya mwarobaini. Mpaka leo nikifumba macho mchana wa jua kali huwa narudi mle chumbani, na mikono yangu iko juu ya mashine ya chapa.

Kazi yangu ya Desemba ilikuwa fomu za wasichana waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Nilichapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta, tukadurufu, tukatia kwenye bahasha, zikaenda posta. Fomu ilimweleza mzazi siku ya kufungua shule, rangi ya sare, na vitu ambavyo mtoto alitakiwa kuja navyo siku ya kwanza. Ilikuwa ukurasa mmoja tu, na nilidhani naujua kwa moyo.

Lakini Desemba ile akili yangu haikuwa mezani. Posa yangu ilikuwa imepokelewa nyumbani, mtaani kwetu Kariakoo, na mchumba alikuwa fundi wa mitambo bandarini, kijana mpole aliyekuwa akisema maneno machache na kuyafikiria kwanza. Shangazi zangu walikuwa wanahangaika kutafuta vitenge, maana nguo zilikuwa za kupanga foleni. Nikichapa neno moja, nazama. Namwona akiingia na kanzu. Najiona nimeketi mkekani, sioni nyuso, nasikia tu vigelegele kama vinatoka nyumba ya pili. Nikizinduka nakuta vidole vimeendelea vyenyewe.

Basi siku tano kabla ya shule kufunguliwa, Jumatano asubuhi, nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, amejifunga khanga zilizopauka kwa kufuliwa, miguu imejaa vumbi mpaka kwenye vifundo. Nilimwamkia, akaitika, akakataa kiti.

"Hapa ndipo zinapoandikwa hizi barua?" akauliza, akatoa fomu yetu kutoka kwenye pindo la khanga. Alikuwa ameikunja mara nne.

"Ndipo, mama. Mimi ndiye ninayeziandika."

"Vizuri. Nataka nikusomee, halafu wewe uniambie kama nimesoma sawa."

Niliona ni ombi la ajabu, lakini nilikuwa sina haraka. Akaikunjua fomu juu ya meza yangu, akaweka kidole cha shahada chini ya mstari wa vitu vya kuja navyo. Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Je-mbe. Mo-ja. Jembe moja. Fa-gi-o. Fagio moja." Akavuta pumzi. "Ndo-a. Ndoa moja."

"Ndoo, mama," nikamwambia bila kutazama. "Ndoo moja. Wanafunzi wanamwagilia bustani."

Hakuondoa kidole. "Tazama, mwanangu."

Nikainama. Pale chini ya ukucha wake, kwa wino wa kudurufia, palikuwa na herufi zangu nne. N, D, O, A.

Nikavuta fungu la nakala zilizobaki kabatini, nikatazama ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Zote zilidai ndoa. Mkuu wa shule alizitia saini zote asione. Mwalimu wa zamu alizihesabu asione. Kila mtu aliyezoea kusoma alirusha jicho, akakuta ndoo mahali ambapo alitarajia kukuta ndoo.

"Nimekosea," nikasema. "Nisamehe, mama. Nilitaka kuandika ndoo."

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa taratibu, akafunika uso kwa ncha ya khanga, na nilidhani anacheka. Alikuwa analia.

Alinieleza habari yake huku mwarobaini ukipepea. Alikuwa mjane, akiishi Buguruni katika nyumba ya shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, fundi cherehani. Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne. Alipofaulu mtihani, mtaa mzima ulishangaa, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyewahi kufika sekondari. Lakini kulikuwa na mtu wa Kisarawe, mtu mzima mwenye shamba la minazi, ambaye alikuwa amekwisha kumposa yule binti. Shemeji alimwambia asubiri, basi, mtoto akasome kwanza. Kisha fomu ikaja.

"Yeye shemeji anasoma herufi za Kiarabu tu," akasema. "Hizi zetu hazijui. Akaniita barazani, akasema, haya, wewe mwenye kisomo, tusomee."

Alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, jioni tatu kwa wiki, katika shule ya msingi ya jirani. Mwaka wa pili huo. Fomu yangu ilikuwa barua ya kwanza maishani kuletwa mbele yake aisome watu wakisikiliza.

"Nilisoma vizuri mpaka nikafika hapo. Nikanyamaza. Mtoto akachungulia begani, akasema, mama, wamekosea hao, ni ndoo. Lakini mwalimu wetu wa kisomo anatugombeza kila siku: msikisie, someni kilichoandikwa. Nikasoma kilichoandikwa."

"Ungesema tu ndoo," nikamwambia. "Nani angejua?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemwambia aibe.

"Mimi ningejua. Sasa nimejifunza kusoma kwa ajili gani, kama nikifika pagumu nitasema ninachotaka?"

Nikausoma tena ule mstari, safari hii herufi kwa herufi.

Shemeji alipolisikia lile neno, alipiga paja. Akasema hata wenye shule wanafahamu kwamba msichana akishavunja ungo hatembei mjini hivi hivi. Wanataka aje akiwa mke wa mtu, wawe na amani. Binti alipopinga aliambiwa ana ujanja. Akatumwa mtu Kisarawe. Ndoa ingefungwa Ijumaa baada ya sala, yaani keshokutwa, na Jumatatu mtoto aende shule na cheti chake cha ndoa.

"Na huyo mume angemwacha aende shule?" nikauliza.

"Ndiyo sababu nimekuja kwa miguu tangu alfajiri," akasema.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikiwa nimeshika fomu kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkali wa kimya, mwenye miwani aliyokuwa akiivua pale tu jambo linapokuwa kubwa. Akasoma. Akavua miwani. Nilijua kibarua kimeota nyasi.

"Ulikuwa unawaza nini?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Akaitazama saini yake chini ya fomu, na nje mkokoteni mmoja ukapita.

"Na mimi nilikuwa nawaza nini nilipotia saini?" akasema. "Chapa barua nyingine. Ya huyu mama peke yake. Nitatia saini na muhuri. Halafu uipeleke wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ukaseme kwamba kosa ni letu."

Tulikwenda na yule mama mchana ule ule. Basi halikuja, tukatembea. Nakumbuka njia ile vipande vipande: magunia ya viazi yamepangwa kama ukuta mitaa ya Kariakoo, wachukuzi wakipita migongo imeinama, harufu ya dagaa, halafu barabara ndefu nyeupe kwa jua, na mwenzangu akisoma kila kibao tulichokipita. Fundi baiskeli. Duka la ushirika. Usikojoe hapa. Alisoma kwa sauti ndogo, kwa ajili yake mwenyewe, na miguu yetu ikawa inafuata silabi zake. Sikuhisi uchovu. Nilihisi kama natembea ndani ya kitabu cha kujifunzia kusoma, na kila kitu pembeni kinasubiri kuitwa jina.

Shemeji yake tulimkuta barazani, kwenye cherehani, tepu imening'inia shingoni. Mzee mwembamba, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Nilimwamkia kwa kupiga goti. Akaitika kwa upole, akaagiza niletewe maji kabla ya kuniuliza nimetoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu katili. Upole ule ulinivuruga.

Nikamweleza. Nikasema mimi ndiye niliyeandika, na nimekosea herufi moja, na mkuu wa shule anaomba radhi kwa nyumba yake yote.

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Herufi moja," akasema.

"Moja, mzee."

"Na hii mpya, nani atanihakikishia?"

Nikatamani kusema mimi, lakini mimi ndiye niliyeandika ya kwanza. Akafikiri. Kisha akampa yule mama barua mpya asome, na yeye akasoma, kidole kikitembea, sauti imetulia kuliko asubuhi. Jembe moja. Fagio moja. Ndoo moja. Mzee akaichukua barua, akaenda nayo mwenyewe hadi mlango wa ndani, akaipitisha nyuma ya pazia.

"Na wewe soma," akasema. "Kwa sauti."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya msichana ambaye nilikuwa sijamwona. Alisoma haraka, bila kukwama, kama maji kutoka bombani: jembe moja, fagio moja, ndoo moja. Mzee alisimama pale ameinamisha kichwa, akilinganisha sauti mbili za watu waliosoma karatasi moja mahali pawili. Kuku walikuwa wanachakura uani. Nakumbuka kivuli cha pazia kikicheza juu ya mguu wake.

"Zimekubaliana," akasema.

Akarudi kwenye kiti chake. Akafuta mafuta kwenye cherehani mahali ambapo hapakuwa na mafuta. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwanangu, umeolewa?"

"Bado, mzee. Nimechumbiwa."

"Ahaa." Ndevu zake zikatikisika kwa kicheko alichojaribu kukizuia. "Basi ndiyo maana."

Akaita jina la binti, na pazia likafunguka. Alikuwa mrefu, mabega membamba, macho yamevimba. Mzee akavua tepu shingoni. "Njoo nikupime. Sketi rangi gani wanataka hawa?"

"Bluu," nikajibu mimi, kwa sababu yule mama alikuwa amefunika uso kwa khanga.

Sijui alimwambia nini yule mtu wa Kisarawe. Najua tu kwamba kitambaa cha bluu hakikupatikana madukani wiki ile, na Jumatatu binti alikuja na sketi iliyoshonwa kwa vipande vya bluu viwili visivyofanana, mishono imenyooka kiasi kwamba ilibidi usogee karibu ndipo uone.

Jumatatu hiyo mkuu wa shule aliniwekea meza barazani. Kazi yangu mpya ilikuwa kumpokea kila mzazi, kusoma naye fomu mstari kwa mstari, na kuomba radhi. Wengi walikuwa hawajaona kosa. Wachache waliliona wakacheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, mtu wa Kilimanjaro, amevaa koti juani, ameongozana na mkewe na binti yao. Aliweka mbele yangu bahasha ya khaki, akatoa cheti chenye muhuri wa kanisa.

"Mmeandika mnataka ndoa moja," akasema kwa heshima. "Hii hapa. Na ni moja kweli, unaweza kumuuliza mama huyu."

Mkewe akatazama kando, midomo imebanwa. Nikakipokea kile cheti kwa mikono miwili, nikakisoma chote, nikamrudishia, nikamshukuru. Sikuwa na moyo wa kumwambia haraka. Nilipomwambia akakirudisha kwenye bahasha, akasema angalau sasa anajua cheti kiko wapi, maana walikitafuta siku mbili.

Januari iliyofuata nilikuwa nimeshaolewa, na meza ya barazani ilikuwa imebaki kuwa yangu. Asubuhi ya siku ya kufungua, yule mama wa Buguruni alikuja bila kuitwa. Binti yake alikuwa ameingia kidato cha pili, hakuwa na haja ya kusindikizwa. Mama alivuta kiti akakaa kando yangu. Wazazi walikuwa wanasimama mbele yetu wameshika fomu zao kwa namna ile niliyokwisha kujifunza, wengine wameishika juu chini, wakisubiri mtu awaambie bila kuwaaibisha. Mimi nilikuwa na haraka. Siku zote nilikuwa na haraka siku hiyo. Yeye hakuwa nayo. Alikuwa anamwita mzazi akae, anaweka kidole chini ya neno la kwanza, na kusema, "Tusome pamoja."

Alikuja Januari tatu mfululizo. Binti alimaliza kidato cha nne akaenda kusomea uuguzi, na mwaka huo mume wangu akahamishiwa Tanga, nikaacha kazi. Siku yangu ya mwisho mama alinikuta nafunga droo. Aliniletea vitumbua kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, akanitaka nivile pale pale vikiwa vya moto. Tukakaa dirishani tukala, na uani wasichana walikuwa wanafagia majani ya mwarobaini, wakiimba kitu ambacho nimesahau maneno yake.