Mapipa Yaliyokataliwa

Mardhiya Khatib alizaliwa katika kitongoji kimoja cha upande wa Wambaa ambacho sitakitaja, maana watu wake wako hai na baadhi yao nasali nao safu moja. Baba yake alifariki yeye hajaanza skuli. Mama yake, Bi Asya, alimlea kwa kuchuma karafuu za watu na kusuka makuti, akamsomesha mpaka chuo cha ufundi Unguja. Aliporudi Pemba alipata kazi katika maabara ya kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, kambini karibu na Chake Chake. Kazi yake ilikuwa kupima lami kabla haijachanganywa na kokoto.

Barabara ile ndiyo iliyokuwa ishuke mpaka kwao. Njia ya zamani ilikuwa ya udongo mwekundu, na masika ikishika, mjamzito alibebwa kitandani na wanaume mpaka penye gari. Kampuni ilipotafuta watu wa kutandaza lami, Mardhiya alimwendea mkuu wake akawaombea vijana wa kwao. Wakaajiriwa wengi. Mmoja alikuwa mumewe, Shaame. Mwengine alikuwa Usama, mtoto wa jirani yao Bi Mize.

Siku zile Mardhiya hakuweza kupita njiani bila ya kuitwa barazani. Bi Mize alikuwa mwosha maiti za wanawake wa pale na kiongozi wa shughuli zao zote, mama wa maneno machache anayeogopwa kidogo. Kila asubuhi alimpelekea Bi Asya uji, kwa sababu moyo wa Bi Asya ulikuwa umeanza kuchoka na miguu inavimba.

"Mwanao katufaa," alikuwa akimwambia. "Mngu ampe."

Hali hiyo ilidumu mpaka ilipoletwa shehena mpya ya mapipa ya lami.

Zamani lami ilipimwa kwa sindano tu, unaangalia imezama kiasi gani. Maabara ya kambini ilikuwa na mashine ya kisasa zaidi. Mardhiya aliweka kipande cha lami kisichozidi ukubwa wa sarafu katikati ya visahani viwili vya chuma, akakipasha moto mpaka kikafikia joto la barabara wakati wa adhuhuri ya kaskazi. Mashine hiyo huisokota lami kidogo kisha huiachia, na mpimaji hutazama imerudi kiasi gani. Kwanza huisokota kwa nguvu ndogo, mfano wa gari dogo linalopita. Halafu kwa nguvu kubwa, mfano wa fuso lililojaa mchanga. Lami yoyote hulegea zaidi mzigo ukizidi. Kinachotafutwa ni tofauti baina ya mara ya kwanza na ya pili. Ikiwa ndogo, lami hiyo unaweza kuiamini. Lakini iko lami ambayo chini ya mzigo mdogo ni hodari kabisa, na mzigo ukiongezeka inageuka uji. Hiyo ukiitandaza, barabara itapendeza siku ya kufunguliwa. Haitapita muda magurudumu yatachimba mifereji, mvua itajaza maji, na pikipiki zitaanza kuanguka.

Lami ya mapipa yale ilikuwa ya namna hiyo. Ilifaulu sindano. Ilifaulu mzigo mdogo vizuri kuliko shehena zote zilizotangulia. Mzigo mkubwa ulipokuja, ikaenda na haikurudi. Mardhiya alidhani amekosea yeye. Akafungua mapipa mengine, akasafisha visahani, akaanza upya, ikawa vilevile.

Akamwita mkuu wa maabara, mhandisi mmoja wa Unguja aliyeitwa Abdulsamad. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayeijua kazi yake. Abdulsamad aliketi mwenyewe kwenye mashine, akapima kwa mkono wake, kisha akavua miwani.

"Hii haitandazwi," alisema.

"Najua."

"Kazi itasimama mpaka ije shehena nyengine, na njia ya bahari unaijua. Watandazaji watarudishwa majumbani. Wale watu wako, Mardhiya."

"Najua, Mhandisi."

"Nitasema mimi ndiye niliyeikataa."

"Wao wanajua nani anapima," alijibu Mardhiya. "Mume wangu nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia jioni ileile, Shaame akiwa anaosha miguu uani. Shaame alikuwa mvuvi kabla ya kazi ile, na tangu aipate alikuwa amempa ndugu yake nyavu zake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuimwagia maji miguu ambayo ilikuwa safi kitambo.

"Ulikuwa peke yako ulipoiona?" aliuliza.

"Mara ya kwanza, ndiyo."

"Na ungenyamaza ungekufa?"

Mardhiya akamweleza habari ya mzigo mdogo na mzigo mkubwa. Shaame akasema yeye ameitandaza lami kwa mikono yake, anaijua, lami ni lami. Akaingia ndani, akamkuta Bi Asya kitandani, na kwa heshima ya mkwe hakusema kitu.

Watandazaji walisimamishwa wiki ile. Ramadhani ikaingia hawana kazi, Sikukuu ikaja hawana kazi. Wengine walikuwa wameacha mashamba yao, wengine wameacha bahari kama Shaame. Usama alikuwa amechumbia msichana wa Jadida, Wete, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya Sikukuu. Wakwe wakasubiri, kisha wakatuma mtu kusema kwamba binti amepata mchumba mwengine. Bi Mize aliipokea habari hiyo amekaa na wageni. Tangu siku hiyo uji wa Bi Asya haukuja tena.

Hakuna aliyeitisha mkutano, na hakuna aliyetangaza. Mardhiya alianza kugundua kidogo kidogo. Alitoa salamu dukani, wanawake wakageukia mizani. Alifika mferejini penye bomba la maji, aliyekuwa akiteka akanyanyua ndoo yake nusu akaondoka. Kwa watu wa Pemba kuitikia salamu si hiari. Anayekunyima jibu amekutoa katika watu. Watu wa kisiwa hiki wamewahi kususiana huko nyuma, na wakubwa wanajua inavyofanywa. Uongo ulikuja baadaye, ukasaidia. Ilisemwa kwamba lami ilikuwa nzima, kwamba kitu cha ukubwa wa sarafu hakiwezi kukataa mapipa ya meli nzima, kwamba baina yake na yule mhandisi wa Unguja kulikuwa na jambo.

Laila, binti yake, alikuwa darasa la nne. Alirudi kutoka skuli siku moja mtandio wa kichwani umechanika.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Nimeanguka."

"Laila."

"Wamesema mimi ni mtoto wa lami. Wakanipaka." Akageuza shingo, na kweli nyuma ya sikio palikuwa na masizi ya chungu yaliyopakwa kwa nguvu mpaka ngozi imechubuka.

Mardhiya aliyatoa kwa mafuta ya nazi. Bi Asya alikuwa akitazama kutoka kitandani. "Kamwambie Mize," alisema. "Mie na Mize tumenyonya ziwa moja. Atawakataza."

Mardhiya hakwenda. Bi Asya mwenyewe, siku ambayo Mardhiya yuko kazini, alijikokota kwa fimbo mpaka nyumba ya pili na kupiga hodi. Mlango ulikuwa wazi. Bi Mize alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akaendelea kukuna. Bi Asya alisimama pale kizingitini mpaka miguu ikakataa, akakaa chini penye vumbi. Aliinuliwa na Shaame aliporudi. Hakusimulia alichosema wala alichojibiwa. Alisema tu, "Nazi ilikuwa imekwisha, yu akuna kifuu."

Alifariki si muda mrefu baadaye, asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mkono wake umo katika mkono wa mwanawe.

Kwa desturi, sauti ya kwanza ya kilio ikitoka, nyumba hujaa. Wanawake huja na ndoo, na sanda, na udi, na mmoja huanza kupika bila ya kuambiwa. Mardhiya alilia, na jua likapanda, na ua wake ukabaki mtupu. Barazani upande wa pili wanawake walikuwa wanachambua mchele. Walisikia. Mmoja alifunika uso kwa kanga, lakini hakunyanyuka.

Akavuka njia akaenda kwa Bi Mize.

"Bi Mize, mama hayupo."

"Inna lillahi," alisema Bi Mize. Hilo hakuweza kumnyima.

"Nimekuja kukuomba uje umwoshe."

"Waosha wapo Chake."

"Mama alikuwa shoga yako. Mmenyonya ziwa moja."

"Shoga yangu alikuwa yeye," alisema Bi Mize. "Kwako nije kufanya nini? Mwanangu yu ndani, hajala tangu jana, hasemi na ntu. Wewe ulimtoa katika watu kabla sijakutoa mie."

Mardhiya akarudi nyumbani akampigia simu Abdulsamad. Mhandisi alikuja na gari ya kambi, na ndani yake alikuwamo Khairat, mpishi wa kambini, mwanamke ambaye wazee wake walitoka bara na ambaye hakuwahi kumwona Bi Asya akiwa hai. Shaame alichota maji. Wanawake wawili wakaingia chumbani penye maiti.

Khairat hakuijua vizuri kazi ile. Aliogopa kumgeuza. Mardhiya alimwinua mama yake peke yake, kifua kwa kifua, kama anavyoinuliwa mtoto aliyelala, na Khairat akamimina maji. Mahali fulani walikosea mpangilio, wakaanza tena. Sanda ilipungua upande mmoja, Mardhiya akachana kanga nyeupe ya mama yake. Shungi la mwisho alilifunga vibaya, akalifungua, akalifunga tena, kisha akapiga magoti na kuegemea kitanda. Khairat alimsugua mgongo.

Msikitini, imamu alisalisha jeneza, na wanaume wa pale walisali nyuma yake kwa sababu dhambi ya kuacha ingewaangukia wote. Walipotoa salamu wakavaa viatu vyao wakatawanyika. Jeneza lilibebwa na Shaame, Abdulsamad, na madereva wa magari ya kokoto waliokuwa wameacha kazi kuja. Ukimtoa Shaame, wageni watupu walimzika Bi Asya katika ardhi aliyozaliwa, na walilazimika kumuuliza Shaame kaburi la baba wa Mardhiya liko wapi.

Matanga hayakuwa na watu. Baada ya hitma, Shaame alimngoja Mardhiya amalize kukunja mikeka.

"Mie nimechoka," alisema. "Sikulaumu kwa lami. Labda ulipima sawa. Lakini mie siwezi kuishi mahali siitikiwi."

"Tuhame pamoja, Baba Laila."

"Nikihama na wewe, nimehama na kususiwa." Akampa talaka pale pale, kwa sauti ya chini, halafu akamsaidia kubeba mikeka ndani.

Alikwenda Jadida, kwa dada yake. Mardhiya alidhani mtoto atabaki naye. Laila alikuwa ameshafunga nguo zake katika mfuko wa skuli. Alisema huku anatazama chini kwamba Jadida kuna watoto wa shangazi wa kucheza nao. Mardhiya alimshika, na mtoto alikaa mikononi mwake bila ya kumkumbatia, akisubiri aachiwe.

Shehena nyengine ilikuja. Mardhiya aliipima, ikaenda na ikarudi chini ya mizigo yote miwili, na watandazaji wakaitwa kazini. Usama alikuwa miongoni mwao. Barabara iliteremka mpaka kitongojini, nyeusi, imenyooka. Magari ya mchanga yamepita juu yake kaskazi mbili sasa, na haina hata mfereji mmoja. Watu wa pale wanasema ni kwa sababu wametandaza vizuri.

Yeye alihamia Madungu, chumba cha kupanga. Sikukuu iliyopita Bi Mize alimfuata huko na sahani ya visheti, akavua viatu mlangoni, akakaa juu ya mkeka.

"Tusameheane," alisema. "Dunia mapito."

"Nimesamehe," alisema Mardhiya, kwa sababu hilo ndilo linalosemwa. Wakala kisheti kimoja kimoja. Bi Mize akauliza kama kampuni itachukua vijana kwa barabara inayofuata, maana Usama ameoa na mke ni mjamzito. Mardhiya akasema ataulizia. Na aliulizia, kijana akapata kazi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba hakuona tofauti ingekuwa nini.

Laila huletwa likizo. Mara ya mwisho alikuwa amerefuka, amejifunza kusuka nywele kwa mke mpya wa baba yake, ambaye anamwita mama bila ya kujikwaa. Siku ya pili alikaa kizingitini na mfuko wake magotini.

"Nirudishe," alisema. "Huku hakuna ntu."

Mardhiya alimpeleka kituoni, akampandisha gari ya Wete, akamkabidhi kwa kondakta anayemfahamu. Alisubiri mtoto ageuke dirishani, hakugeuka. Gari ilipoondoka, akarudi kambini kwa miguu, akawasha tanuri, akaweka kopo la lami lipate moto.