Risasi Isiyoharibu Ngozi

Nilikwenda Dubai na uongo mmoja, nao uliandikwa kwenye barua yangu ya kuomba kazi: kwamba niliwahi kuwa askari wa wanyamapori na bunduki nazijua. Ukweli ni kwamba bunduki nilikuwa naziogopa. Kwetu Isiolo nilifanya kazi kwenye banda la ngozi, nikizipaka chumvi ngozi za mbuzi na kuzitenga, nzima huku, zenye matundu kule. Lakini wakala wa Nairobi alisema duka la vifaa vya uwindaji halimtafuti mtu wa kupaka chumvi. Tena alituonya sote tuliokuwa tunaondoka kwamba huko Ghuba neno "sijui" ndilo linalomrudisha mtu kwao. Sir akiuliza, madam akiuliza, jibu ni ndiyo, hakuna matatizo.

Basi nikawa mtu wa ndiyo.

Duka lilikuwa Al Quoz, katikati ya magereji na maghala. Mwenye duka, tuliyemwita arbab, alitoka katika ukoo uliohamia kutoka Unguja zamani, na Kiswahili alichokipata kwa mamake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa mpole. Upole wake ulinitisha, maana mtu mkali angalau unajua atafoka wakati gani.

Wateja wengine walikuwa wakisafiri hadi Marekani kuwinda koyote, aina ya mbweha wa huko mwenye manyoya mazito. Nyama hawakuitaka. Walitaka ngozi nzima ya kutundika barazani, kwa hiyo swali lao lilikuwa lilelile kila mara: bunduki gani na risasi gani zitaua bila kuchana ngozi? Arbab alinigeukia, akasema askari wa wanyamapori ndiye atakayejua. Nikasema ndiyo.

Na tusidanganyane, nusu ya jibu nilikuwa nayo. Pale bandani tuliletewa ngozi za mbuzi waliouawa wezi wa mifugo walipovamia, na nilishaona jinsi risasi inavyoingia kwa tundu dogo kama kishimo cha kifungo na kutokea upande wa pili kwa tundu la kikombe. Kinachoharibu ngozi ni kule kutoka. Kwa hiyo niliwaambia wachukue bunduki ya risasi ndogo, nyepesi, yenye kasi, ya kuvunjikia ndani isitokee. Wakaniamini. Hata mimi nilianza kujiamini, na huo ndio ulikuwa ujinga wangu mkubwa.

Kosa langu lilikuwa namba. Nilizisoma namba za bunduki kama namba za viatu vya mtumba. Bunduki zote ambazo namba zao zilianza na ishirini na mbili nilizipanga rafu moja, na risasi zote za namba hizo nikaziweka chini yake, nikidhani tarakimu zinazofuata ni alama za kiwandani tu. Kumbe hizo zinazofuata ndizo zinazosema risasi hii ni ya bunduki ile na si ya nyingine.

Asubuhi moja arbab aliamua kujaribu mwenyewe. Tulikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, nikafunga ngozi mbichi ya mbuzi, niliyoitoa kwa mchinjaji, kwenye gunia la mchanga uliolowa maji. Arbab akalala kifudifudi. Nikampa risasi, akaiingiza, akafyatua. Haikulia. Akangoja kidogo kama desturi, akafungua, akaiinamisha bunduki, na ile risasi ikateleza ikaanguka kiganjani mwake.

Akaigeuzageuza. "Hii yapwaya," akasema. "Ndiyo yenyewe hii?"

Ndiyo ilishafika kwenye ulimi. Nilimfikiria mke wangu na watoto wawili, nikafikiria chumba nilicholala na wenzangu mtaa wa Al Nahda na kitanda changu cha juu. Kisha nikaliona jicho lake la kulia, lile la kulengea, lilivyokuwa karibu na chuma kile.

"Sijui, arbab," nikasema. "Sikuwahi kuwa askari. Nilikuwa napaka ngozi chumvi."

Hakufoka. Alisoma namba ya kwenye bunduki, akasoma ya kwenye boksi, akavisogeza vyote mbali naye taratibu. Akasema ingewaka, kitako cha risasi kingepasuka na moto ungemrudia usoni. Halafu akauliza neno ambalo mimi, kwa kuogopa kufukuzwa, sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Na wengine uliowauzia ni nani?"

Walikuwa watatu.

Tulirudi dukani, arbab akapiga simu mimi nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Wawili walikuwa mjini, na maboksi hawakuwa wameyafungua. Akawaomba wamsomee namba. Mmoja alikuwa na risasi sahihi, mwingine hapana. Wa tatu alishakwenda Marekani. Simu yake haikupatikana, na nyumbani kwake walisema yuko porini, atarudi mjini baada ya siku mbili. Arbab aliacha ujumbe kila mahali alipoweza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwisho wa mwezi nitarudi kwetu. Sikumlaumu.

Siku hizo mbili sikula. Wenzangu chumbani walidhani ni malaria, wakaniletea chai ya tangawizi. Kila nikifumba macho niliona uso wa yule mteja, mtu mnene mwenye kucheka, aliyenishika mkono na kunishukuru kwa ushauri. Niliomba Mungu, wala si kwa ajili ya kazi. Niliomba tu asiwe amefyatua.

Siku ya tatu, mchana, simu ya mezani ililia. Arbab akapokea, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie. Sauti ya mtu ilijaa chumba, Kiarabu cha hasira na cha kasi nisichoweza kukifuata. Arbab alisikiliza muda mrefu bila kunitazama.

"Ndiye mwenyewe," akasema mwishowe. "Asema risasi zaingia sawasawa bundukini. Lakini koyote sita wote wamepasuka, matundu kama sahani. Asema huyo askari wetu ni mpumbavu, hajui kitu."

Nilikaa chini pale pale sakafuni, machozi yakanitoka. Sijawahi kutukanwa nikafurahi vile. Nikamwomba arbab amuulize kama macho yake yote mawili yanaona. Arbab akamuuliza, kwa upole, na yule bwana akaanza kutukana upya.