Saa ya Nyapara Tluway

Mzee Tluway alipozikwa, mwezi wa pili mwaka 1982, aliacha watoto wawili: Petronila, aliyemuuguza miezi saba mfululizo, na Clemensi, dereva wa hoteli moja ya watalii kule juu ukingoni mwa kreta ya wanyamapori, aliyefika siku ya maziko akiwa na viatu vinavyong'aa. Shamba likaenda kwa Clemensi, kwa kuwa ndiye mwanamume. Ng'ombe wakamfuata Clemensi. Petronila akapewa saa.

Ilikuwa saa ya mfukoni, nzito, yenye mnyororo. Tluway aliibeba miaka kumi na tisa alipokuwa nyapara kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, shamba la mzungu ambaye vibarua walimwita Bwana Kofia. Kengele ya kuanza kazi na kengele ya kuacha kazi ziligongwa kwa kufuata saa hiyo. Mzungu alipoondoka alimwachia iwe zawadi, na haikupita muda ikasimama.

"Dada, ipeleke kwa fundi," Clemensi alisema matanga yalipokwisha. "Siku ya misa ya arobaini nataka kusimama nayo mbele za watu. Wajue baba alikuwa mtu wa aina gani."

"Nimepewa mimi au umepewa wewe?"

"Umepewa uitunze. Mwanamke na saa ya mfukoni, wapi na wapi? Tena saa yenyewe huijui kuisoma."

Akacheka. Petronila hakucheka. Utani huo ulikuwa wa nyumba nzima tangu akiwa msichana wa miaka kumi. Baba alikuwa akirudi jioni, mama anauliza ni saa ngapi, Petronila anaichukua saa, anaisoma kwa makini, anasema: saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Baba hata haitazami. "Saa kumi na mbili na nusu hiyo. Mtoto huyu hana akili ya saa." Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni. Ikafika mahali mwalimu akiuliza saa darasani, Petronila anainamisha kichwa na kunyamaza, na mpaka amekuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mtu akimuuliza saa njiani alikuwa akisema hajui.

Hata hivyo aliipeleka. Karatu palikuwa na fundi mmoja, Nikolaus, mwenye kijimeza barazani kwa mshonaji nguo. Aliiacha jioni, fundi akasema aipitie kesho yake jioni.

Alipofika, Nikolaus hakuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Mama, keti kwanza. Nimeisafisha, inatembea. Asubuhi saa kumi na mbili nimeilinganisha na redio. Sasa itazame, halafu utazame hii yangu."

Petronila alitazama, akaona aibu ya zamani ikimpanda shingoni. "Mimi saa sizijui sana."

"Sema tu unachokiona."

"Hii ya baba inasema saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Yako inasema saa kumi na moja na nusu."

"Umesoma sawasawa." Akafungua mfuniko wa nyuma na kumwonyesha springi nyembamba kama unywele. "Hii si springi yake. Imewekwa ndefu kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana hata ukiilinganisha kila asubuhi, kufika jioni inakuwa imechelewa dakika arobaini. Na huu si uzee wa saa, mama. Mtu alifanya kwa makusudi. Niibadilishe iende vizuri?"

Petronila alishika ukingo wa meza. Umesoma sawasawa. Kumbe miaka yote ile alikuwa akisoma sawasawa! Baba alijua saa inasema uongo, ndiyo sababu alijumlisha kichwani kila jioni akiwa nyumbani kwake. Na badala ya kumwambia mwanawe kweli, akaona heri mtoto aonekane mjinga.

"Usiiguse," alisema. "Nipe hivyo hivyo."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Ismaili, mtu wa Singida aliyekuja kuchuma kahawa kwa Bwana Kofia akiwa kijana, akazeekea hapo hapo Karatu. Alimkuta akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Tluway. Kuna nini jioni hii?"

Akamweleza yote na kumwekea saa mapajani. Ismaili aliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyekwisha kufa.

"Unadhani umeniletea habari?" alisema. "Jua halina nyapara, binti. Tulikuwa tunaliona. Tulimwambia baba yako muda wa kuacha kazi umepita, naye akatutolea saa hii: someni wenyewe. Nani kati yetu aliyejua kusoma?" Sauti yake ikapanda. "Ndugu yangu Hamisi aliuawa na nyati, mwaka wa hamsini na nane. Tulikuwa tukipita kwenye ukanda wa msitu kwenda makambini. Tukiachiwa kwa wakati tulikuwa tunavuka bado kunaonekana. Siku ile giza lilitukuta ndani. Baba yako akaitwa kutoa maelezo. Akasema kazi iliisha saa kumi na moja na nusu kamili, Hamisi alizurura njiani, pengine alikuwa amelewa. Hamisi! Mtu asiyeionja pombe! Mjane wake akarudi Singida na jina la mke wa mlevi."

"Nifanye nini, mzee? Ichukue wewe."

"Niipeleke wapi? Sitaki chuma chenu. Nataka yasemwe. Baba yako alisema mbele za watu. Yafutwe mbele za watu."

Siku ya arobaini Clemensi alimjia akiwa amenyoosha mkono. "Saa iko wapi? Imetengenezwa?"

"Haitatengenezwa."

"Dada, usinitie aibu."

"Aibu ilianza kabla hujazaliwa."

Baada ya misa, watu wakiwa wamekaa uani na vikombe vya togwa, Clemensi alisimama akamsifu baba: mtu wa haki, mtu wa saa. Hapo Petronila akasimama. Alizungumza akiwa amesimama wima na saa mkononi, sauti ikimkwaruza kwa hasira. Alieleza habari za springi, za dakika arobaini kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa. Kisha akamtaja Hamisi kwa jina, akasema hakuzurura, hakulewa. Aliachiwa usiku ukiingia, na baba yake Petronila alijua.

"Mketisheni huyo!" Clemensi alifoka. "Unamtukana marehemu nyumbani kwake!"

"Nilimwogesha miezi saba," Petronila alimjibu. "Wewe ulikuwa wapi? Yeye alikuwa na miezi saba ya kuniambia. Hakuniambia!"

Hapo ndipo sauti ilipokatika, na watu wakaona kuwa machozi yake hayakuwa ya huzuni. Wazee wawili waliinuka, wakaondoka. Ismaili, aliyekuwa ameketi karibu na lango, aliinuka, akavua kofia yake ya kufuma, akasema, "Imesikika," akaketi tena.

Clemensi alikata mguu nyumbani kwa dada yake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Saa Petronila alimpa Nikolaus aivunje, magurudumu yake yafae kwenye saa za watu wengine, kwa kuwa vipuri siku hizo havikupatikana. Ismaili alimtafuta msomi mmoja wa kumwandikia barua kwenda Singida. Jibu halikuja, na hawakujua kama mjane bado alikuwa hai.

Na Petronila? Watu walidhani baada ya kusema atatulia. Hakutulia. Kila alipokwenda kupalilia kaburi, maana aliendelea kulipalilia, alikuwa aking'oa jani moja moja kwa nguvu, akimnung'unikia baba yake kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, kama watu wawili wasiokubaliana ambao wamelazimika kukaa nyumba moja.