Pikapu ya Kubebea Chumba cha Zege

Mtaani kwetu mume wangu wanamwita Zege, ingawa yeye ni seremala, si mwashi. Jina alilipata kwa sababu ya vitanda vyake. Kitanda cha kawaida hubebwa na watu wawili huku wanapiga soga. Cha Zege hubebwa na wanne, tena kimya. Kuna mteja mmoja alihama nyumba akakiacha chake, akasema afadhali atafute kingine huko aendako kuliko kuhangaika kukipitisha mlangoni. Zege aliposikia hakukasirika. Alisema mpangaji atakayekikuta humo ana bahati, atazeeka nacho.

Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na najua unene wa mbao zake unatoka wapi. Ni woga. Watu wanadhani mwoga wa nyumba hii ni mimi, kwa kuwa mimi husema. Yeye hasemi, anaongeza ubao. Mtoto wetu wa kwanza alipoanza kusimama alimchongea kitanda chenye nguzo nene kama mkono wangu. Nyumba ya jirani ilipovunjwa na wezi, alitengeneza mlango mpya wa mbele ambao mama yake hakuweza kuufungua. Akija kututembelea, mama mkwe wangu alikuwa anapiga hodi akiwa ndani.

Binti yetu wa mwisho ni fundi wa miwani. Anapima watu macho, anachonga vioo, anaingiza kwenye fremu. Kazi yake iko kwenye miji midogo ya juu milimani ambako hakuna duka la miwani. Siku kumi yuko huko, siku nne yuko nyumbani. Zamani alikuwa analala nyumba za wageni. Safari moja aliporudi akanisimulia, kama jambo la kuchekesha, kwamba jioni amekaa kitandani anakunja nguo, akaona kitasa cha mlango kinazunguka. Kikazunguka taratibu mara tatu, halafu akasikia nyayo zinaondoka. Alicheka alipokuwa anasimulia. Mimi sikucheka, na baba yake alitoka nje kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Ni mimi niliyesema atafute gari la kulala ndani. Kwa hiyo yaliyofuata sina wa kumlaumu.

Binti alikuwa ameona mahali chumba kidogo kinachopachikwa kwenye bodi la pikapu. Kikihitajika kushuka kinasimama kwa miguu yake minne ya chuma, gari linatoka chini yake. Akamchorea baba yake kwenye karatasi: kitanda upande wa mbele juu ya kichwa cha gari, meza ya kuchongea vioo, jiko dogo la gesi, tangi la maji chini ya kiti. Akamwomba atumie mbao nyembamba na bati jepesi. Zege akaitika ndiyo, ndiyo, akaingia karakana na hakutoka vizuri kwa miezi mitatu.

Kila nilipompelekea chai niligonga ukuta wa kile chumba kwa kidole. Kilikuwa kinanijibu kwa sauti fupi, nzito, kama unagonga gogo. Siku moja nikamuuliza kama hajazidisha.

"Kizito kwa nani?" akasema bila kuinua macho. "Kitabebwa na gari. Wewe hujaambiwa ukibebe."

Hilo sikulikubali, kwa sababu uzito ndiyo kazi yangu. Mwaka wa ishirini na mbili huu ninasoma mizani kwenye yadi ya vyuma chakavu. Tuna bamba kubwa la chuma sakafuni, gari linapanda juu yake, mimi niko kwenye kibanda cha vioo nasoma namba. Shule sikwenda mbali, lakini namba za ile mizani nazijua kama ninavyojua nyuso za wanangu. Mwaka wangu wa tatu pale, pikapu moja ilitoka imejaa mabomba hadi matako yake yamelala. Dereva alinipungia mkono, nami nikampungia. Haikumaliza mteremko wa kwanza. Siandiki zaidi ya hapo.

Toka siku ile nina tabia ambayo madereva wananichekea. Kabla gari lililopakia halijatoka, ninapenyeza vidole kati ya juu ya tairi la nyuma na madigadi. Vikipita vinne vimepangana, nenda. Vikipita viwili, rudi upunguze. Wananiita Mama Vidole. Waniite.

Chumba kilipokamilika ndipo wakaenda kutafuta gari. Unaona kosa lilivyokuwa: wamemaliza kushona kanzu ndipo wakamtafuta wa kuivaa. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda nao.

Dalali alikuwa na pikapu mbili zilizofaa, za ukubwa wa kati zote. Ya kwanza ilikuwa ya milango minne, nyeusi, viti vya nyuma vya ngozi, boneti linang'aa mpaka unajiona meno. Ya pili ilikuwa ya milango miwili, nyeupe iliyochoka, kiti kimoja kirefu, bodi la nyuma refu na tupu. Binti hata hakuiangalia hiyo nyeupe. Alishaingia kwenye nyeusi, ameshika usukani, na mimi nilipomwona usoni nikajua tumekwisha.

Nilimuuliza dalali inabeba kiasi gani.

"Mama mkwe, hii inabeba tani na kelele zake," akasema. Alikuwa ameshaanza kuniita mama mkwe tangu getini. "Ipakie nyumba nzima, na wewe ukae barazani."

Zege akacheka. Kwa kawaida hachekeshwi na madalali. Nilijua amecheka kwa sababu neno tani lilimwondolea mzigo kifuani.

Nikafungua mlango wa dereva, nikainama. Pale kwenye nguzo ya mlango huwa kuna kibandiko kidogo chenye uzito wa mwisho unaoruhusiwa, gari na kila kilichomo. Kilikuwa kinasoma kilo elfu mbili na mia tisa. Ya nyeupe nayo, nikaenda nikainama, namba ileile. Dalali akasema, si unaona mama, ni mapacha, tofauti ni uzuri tu. Nilimwomba jambo moja, aturuhusu tukajaribu, na kwa kuwa aliona binti amekwisha kunaswa, akakubali. Akaja nasi.

Ijumaa asubuhi ile nyeusi ilirudi nyuma taratibu chini ya chumba, Zege akazungusha miguu ya chuma, chumba kikashuka kwenye bodi. Nilikuwa nimesimama pembeni na nilisikia springi zikiguna. Nyuma ikazama. Mbele ikainuka, taa zikawa zinaangalia juu ya paa la jirani. Nikapenyeza vidole kwenye tairi la nyuma. Viwili, na cha pili kwa kusukuma.

"Zimezoea kukaa hivyo," dalali akasema.

Binti akaendesha mwenyewe, mimi ubavuni, Zege na dalali nyuma kwenye ngozi. Barabarani alikuwa anaongea, anatania, halafu kwenye kona ya kwanza akanyamaza. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Lakini mikono yake ilikuwa inacheza juu ya usukani, kulia, kushoto, kama anatafuta kitu amekipoteza. Kulikuwa na kimteremko kifupi kabla ya yadi yetu, mtoto anaweza kukishuka na baiskeli. Alikanyaga breki mwanzoni, akakanyaga tena, akakanyaga kwa nguvu, na gari likasimama kupita pale alipotaka. Harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Kichwani nilikuwa naona ule mlima wa upande wa pili anakopita kila safari, kona kumi na tisa, mawe upande mmoja, hewa upande mwingine.

"Usukani mwepesi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kama magurudumu ya mbele hayagusi chini vizuri."

Tulipanda kwenye mizani. Niliwashusha baba yake na dalali, kwa kuwa safarini hawatakuwepo. Kila kitu cha safari kilikuwa ndani: tangi limejaa maji lita themanini, mtungi wa gesi, betri, mashine ya vioo, godoro, na binti mwenyewe kwenye usukani. Nikaingia kibandani kwangu. Namba ikapanda, ikayumba, ikatulia kwenye elfu tatu thelathini na tatu. Imezidi kwa kilo mia moja thelathini na tatu. Nimesoma namba mbaya nyingi pale, lakini ile niliisoma mara tatu.

Dalali alisema mizani yetu imezeeka. Nikamwambia hii mizani inakaguliwa kila mwaka, wewe hujakaguliwa tangu uzaliwe. Madereva waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na toka hapo hakuniita mama mkwe tena.

Tukapima magari yenyewe, matupu. Nyeusi ilikuwa kilo elfu mbili na arobaini. Nyeupe, iliyoletwa na kijana wake wa ofisini, elfu moja mia nane na sitini. Hapo Zege hakuelewa. Alisema gari zito ndilo lenye nguvu, haiwezekani jepesi libebe zaidi. Nikamchorea kwa chaki kwenye bamba. Kikomo ni kimoja. Viti vya ngozi na milango miwili ya ziada vimeshakula nafasi kabla hujapakia hata kijiko. Tena bodi la nyeusi ni fupi, chumba kinaning'inia nyuma ya ekseli, ndiyo maana mbele inaelea. Kwenye nyeupe kitasogea hadi kichwani mwa gari.

Alifuata mistari ya chaki kwa kidole. Halafu akaniuliza, mimi tu nisikie, chumba kitupu kina kilo ngapi.

"Ukitoa maji, vyombo na mtoto, mia sita na sabini," nikamwambia. "Binti yako alikuchorea cha mia nne."

Akakisugua kichwa chake chote kwa kiganja, akaondoka akaenda kusimama kwenye lundo la mabati.

Binti hakuitaka ile nyeupe. Alilia kidogo, wa miaka ishirini na saba, na sikumcheka. Lakini alikuwa ameushika ule usukani mwenyewe. Tulipohamisha chumba na kupima tena, akiwa ndani na maji yamejaa, namba ilisimama kwenye elfu mbili mia nane hamsini na tatu. Zilibaki kilo arobaini na saba. Vidole vikapita vinne. Nikamwekea sharti moja: kabla ya kila mteremko mkubwa asimame, apime kwa vidole vyake, aniandikie.

Akaondoka Jumapili. Tuliketi uani, simu iko juu ya meza, ile meza ya Zege ambayo hatujawahi kuisogeza. Saa tano ujumbe ukaingia, kutoka juu kabisa ya mlima, kabla ya zile kona. Neno moja: "Vitatu."

Nikampigia. Nikamuuliza amepakia nini njiani. Akasema hajapakia kitu, hata mkate. Nikamuuliza kama amebeba mtu. Hajabeba. Matairi je? Mazima. Nilikuwa naongea na huku nasikia magari makubwa yanampita. Kilo hazijitokezi zenyewe. Nikageuka nikamwona Zege. Alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti, na uso wake umekuwa wa majivu.

"Boriti," akasema.

Jana yake, Jumamosi, mimi nikiwa kazini, alikuwa ameongeza boriti tatu nene za kukomea mlango kwa ndani: moja akaikaza mlangoni, na mbili za akiba akazipigilia misumari chini ya kitanda zisionekane. Alisema ni kwa ajili ya kitasa. Alisema tangu siku ile mtoto aliposimulia, kila akifumba macho anakiona kinazunguka. Zina uzito gani, nikamuuliza. Akasema kama sabini hivi. Akarudia, kama sabini, kama mtu anayetaja umri wa marehemu.

Ningeweza kusema mengi. Lakini mtoto alikuwa juu ya mlima na gari limezidi. Kung'oa boriti hawezi, hana nyundo, na misumari ya baba yake naijua. Nikamwambia aegeshe pembeni, aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu, halafu afungue bomba la tangi chini ya chumba, amwage maji yote.

"Yote, mama? Huko kijijini maji ni ya kubembeleza."

"Yote. Utayabembeleza ukiwa mzima."

Akaiacha simu wazi. Tukasikia maji yakianza kumwagika kwenye changarawe. Lita themanini zinachukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Zege alikuwa ameinamisha sikio karibu na meza, anasikiliza kila tone kama anaambiwa hukumu yake. Kuelekea mwisho maji yakakatika, yakarudi, yakakatika.

"Vinne," binti akasema.

Nikamwambia gia ya pili mpaka chini, asiikanyage breki kwa muda mrefu. Akakata. Kisha tukakaa dakika arobaini na tatu. Zege hakukaa kwenye kiti, alikaa chini, kwenye ngazi. Ujumbe ulipoingia nilimpa yeye asome. Uliandikwa: "Nimefika chini. Baba, mbao zako narudi nazo."

Aliporudi, Zege alizing'oa mwenyewe, akazileta yadini kwangu moja moja, bila kuulizwa, akaziweka juu ya bamba. Zilikuwa sabini na nne. Mahali pake akafunga komeo la chuma lenye kilo moja na nusu, akalivuta kwa nguvu zake zote kuona kama litang'oka. Halikung'oka. Akalivuta tena.

Binti yuko huko juu hivi leo. Ujumbe wa saa tano haujaingia bado. Zamani nilikuwa nangoja habari zake peke yangu, Zege akijifanya anapiga randa. Sasa amekuja ameketi hapa mezani, mikono mitupu, na hajifanyi kitu.