Jicho Ambalo Halikuuma

Asubuhi za kijijini kwetu Mlola nazikumbuka kwa sauti ya maharage yakimwagwa kwenye ungo. Bibi aliyenilea alichagua mbegu mwenyewe, punje kwa punje, na wanawake wa bondeni walikuja kubadilishana naye. Nilikaa karibu yake tukichagua pamoja, bila maneno mengi.

Asubuhi moja ya msimu wa baridi aliamka akaniuliza kwa nini ukungu haujaondoka, na nje jua lilikuwa limewaka. Nikacheka, nikidhani ananitania. Akaziba jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. "Ni hili la kushoto," akasema. "Limejaa moshi, lakini haliumi."

Lushoto mjini daktari alisema presha imesababisha mshipa wa damu nyuma ya jicho uzibe. Akasisitiza arudi baada ya mwezi hata kama haumwi, maana jicho la namna hiyo linaweza kuotesha mishipa mibovu, likajaa presha ndani, likapofuka kabisa. Mimi ndiye niliyesoma tarehe kwenye kadi.

Tarehe ilipofika, maharage yalikuwa yamekauka shambani.

"Jicho haliumi, limepona," bibi akasema. "Mvua ikiyakuta haya, yataota kwenye maganda."

Kadi ilikuwa mfukoni mwangu. Kwetu mtoto hambishii mkubwa, na mimi, kwa haya niliyokuwa nayo, hata shikamoo niliitoa kwa shida. Nikabeba kikapu nikamfuata. Na ilikuwa siku nzuri, siwezi kukataa. Tulikula viazi vya kuchemsha kando ya mfereji, akinichekesha kwa habari za ujana wake.

Miezi miwili baadaye jicho likawa jekundu, likamuuma hadi akatapika. Tukarudi Lushoto; dawa zilituliza maumivu, lakini nuru haikurudi.

"Mmechelewa," daktari akasema, akinitazama mimi.

"Niliyekataa ni mimi, mwanangu," bibi akamjibu upesi. "Huyu mwache."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenilaumu.

Aliendelea kuchagua mbegu, uso ameugeuza upande ili jicho zima lione. "Mama, leo umetupimia kokoto!" wanawake walimtania. "Zichanganyeni na makande," akawajibu, "waume zenu hawatajua."

Kisha ikafika siku nyingine ya kliniki ya presha. Bibi akasema hawezi kwenda, mapeasi yameiva na ndege wanayamaliza.

"Hapana, bibi," nikasema. "Limebaki jicho moja. Acha ndege wayale. Twende."

"Kumbe una mdomo," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.