Nesi Aliyemlaza Baba

Uji wa wimbi ukiungua, harufu yake hukaa ndani ya nyumba mpaka kesho yake. Msimu ule nyumba yetu ya Waithaka ilinuka hivyo karibu kila asubuhi, kwa sababu Shangazi Rispa, dada yake baba, alikuwa akiacha sufuria motoni na kusimama nyuma ya pazia kumchungulia nesi akiingia langoni. Baba alikuwa fundi wa makochi kule Ngong Road, karibu na Adams Arcade, mtu wa kubeba mbao peke yake huku akipiga mluzi. Sasa saratani ilikuwa imeingia mifupani. Hospitali ilikuwa imemruhusu arudi nyumbani, na kwa Shangazi hilo lilikuwa na maana moja tu: wamemtupa. Alikuwa ametoka Kakamega kuja kumuuguza ndugu yake, na hapa Nairobi hakumwamini mtu, hata mama yangu aliyemtafuta huyo nesi.

Nami, msichana wa darasa la tano, nilimtazama nesi kwa macho ya Shangazi. Alitabasamu mno kwa mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Tena badala ya kumdunga baba sindano kama wauguzi wa maana, alikaa kitandani akamuuliza angependa kufanya nini wiki hiyo. Swali gani hilo? Baba, ambaye usiku alikuwa akiuma shuka ili tusimsikie, akasema angependa kulala tu. Nesi akatoa chupa ya mofini, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu, akamwonyesha mama kipimo. "Hiyo ndiyo ya kumaliza watu," Shangazi akaninong'oneza jikoni. "Wewe chunga." Nikachunga kwelikweli.

Baba akanywa, akalala. Mama akaenda kazini; mimi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, nikabaki. Kufika adhuhuri baba alikuwa bado hajaamka, na Shangazi akamwita kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akapiga nduru iliyosikika ploti nzima ya wapangaji. Wanawake wa kanisa wakafika na leso zao, wakaanzisha wimbo. Mwenye ploti naye akaja kuuliza gari la kuchukua maiti litapitia wapi. Mimi nilishikilia ukingo wa kitanda kwa hasira, maana nilimjua aliyemuua baba yangu. Ndipo baba akafumbua macho, akawatazama wale akina mama wote, akauliza, "Nani amekufa?" Wimbo ukakatika. Baba akaitisha chai, kisha akauliza kama kuna ugali na mboga ya mrenda. Nililia na kucheka kwa pamoja.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Shangazi alisema ni maombi yaliyomrudisha, akaitia chupa ndani ya mkoba wake na kutangaza kwamba anampeleka Kakamega. Alasiri iliyofuata maumivu yalikuwa yamerudi, na jasho lilimtiririka baba. Akanyoosha mkono. "Rispa, mimi ndiye mgonjwa. Kuna mtu ameniuliza mimi? Nipe dawa yangu."

"Na ukifa?"

"Nitakufa tu, dada. Lakini leo nataka kuongea na mtoto wangu."

Shangazi akaitoa chupa huku akilia. Na baba akaongea, jamani! Mpaka shule zilipofungwa alikaa barazani akinifundisha kutambua mbao kwa kuzinusa, na akimtania mama kuhusu chapati zake ngumu. Alifariki mchana mmoja, ametulia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Matangani Shangazi aliwaambia watu ni ile chupa iliyomuua.

Siku hizi Waithaka imejaa maghorofa, na Upper Hill kila kona ina hospitali au kliniki, lakini minong'ono kuhusu mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani ni ile ile. Mimi pia bado ni mtu wa kushuku, ila nashuku vingine. Nikisikia marehemu akisifiwa kwamba aliugua bila kulalamika, nashuku hakuna aliyemuuliza.

Mwezi uliopita nilimpeleka Shangazi Upper Hill kuchukua majibu ya vipimo vyake. Hayakuwa mazuri. Garini alifuta miwani isiyokuwa na doa.

"Yule nesi wa baba yako bado yuko?"

"Alistaafu, Shangazi. Lakini wako wengine."

"Basi waite," akasema. "Ila sitaki wakunong'onezee kando. Waongee na mimi."